Nyasi za Ukuta wa Ndiva

Nathanaeli alishuka kwenye bodaboda pale njia panda, na badala ya kukata kushoto kwenda nyumbani kwake, akakata kulia kwenda kwenye ndiva. Mkewe angemsema kwa hilo, lakini kusemwa hakukuwa jambo jipya. Alikuwa amekaa Same mjini muda mrefu akimuuguza dada yake Beatha, na kila alipojilaza kwenye benchi la wodi hakuota mgonjwa wala nyumba yake, aliota maji. Mtu aliyelinda ndiva tangu ujanani hapati usingizi mzuri akiwa mbali nayo.

Ndiva yao ni bwawa la udongo lililochimbwa na mababu kwa mikono yao, kwenye ubavu wa mlima, juu kabisa ya Makanya. Maji ya mfereji yanakusanyika humo, kisha yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Upande wa juu bwawa limeshikwa na mlima wenyewe. Upande wa bondeni limeshikwa na ukuta wa udongo, na ukuta umeshikwa na nyasi.

Hazikuwa nyasi za mradi wala za kununua dukani. Kulikuwa na ukoka uliotambaa ukafuma udongo kila upande, na katikati yake mashina ya zile nyasi ndefu zenye mikia ya manyoya. Jua likiwaka zinakauka mpaka mgeni anaapa zimekufa. Mvua ikigusa tu, zinachipua palepale kwenye shina la mwaka jana na la mwaka juzi. Watu walikata majani yake kwa mundu kulishia ng'ombe wa zizini, wakiacha kimo cha vidole vinne. Jembe halikuruhusiwa, na ng'ombe mwenyewe hakuruhusiwa hata kukanyaga.

Nathanaeli alipofika akakuta maji yamejaa mpaka karibu na ukingo, akatabasamu peke yake. Vuli ilikuwa imechelewa, kijito cha juu kilikuwa kimebaki uzi, na kijiji kizima kilikuwa kimejinyima ili bwawa lijae, lifunguliwe kesho yake. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Yakikosa maji hayo, hakuna mengine ya kuyafikia.

Akatembea juu ya ukuta kwa raha zake, akachungulia upande wa nje unaotazama korongo. Kule watu hawapiti. Akaona majani makavu ya migomba yametandazwa vizuri kuanzia juu hadi karibu na chini. Majani ya migomba hayatembei yenyewe. Akashuka, akayasukuma kwa mguu, na chini yake akakuta udongo mwekundu mtupu.

Akasukuma mengine, na mengine tena. Nusu ya ukuta ilikuwa imenyolewa. Nyasi hazikukatwa, zilichongwa kwa vipande vya mraba, kila kipande kimeondoka na udongo wake na mizizi yake. Alama za sepetu zilikuwa bado zinaonekana. Akageuka kutazama bondeni.

Chini ya ukuta ule, kule korongo linapotanuka, kulikuwa na nyumba moja tu, ya Dorkas, mjane aliyekuwa anaishi na wajukuu zake. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye uzio.

Nathanaeli alifika nyumbani akihema. Mkewe, Jenifer, alikuwa kibarazani anamenya magimbi.

"Karibu, baba Anderson. Pole na safari. Wifi anaendeleaje?"

"Beatha hajambo. Nani ameng'oa nyasi za ukuta?"

Kisu cha Jenifer kikasimama kidogo, kisha kikaendelea. "Kwa hiyo umepitia huko kwanza, kabla hata ya kunisalimia."

"Jenifer. Nani?"

"Mwanao amepata kazi," Jenifer akasema, bado ameinamia gimbi. "Amekaa hapa na cheti chake cha kilimo anapiga stori kijiweni, mpaka wewe mwenyewe ukawa unaona aibu akitajwa. Sasa kuna mtu anajenga hoteli pale Same, barabara kuu. Alileta nyasi za kigeni, zikafa zote kwa jua. Akasema anataka bustani ya nyasi za asili, zisizodai maji kila saa. Anderson akamwambia kwetu zipo. Ulitaka akachukue wapi? Huko bondeni mbuzi wamekula mpaka mizizi."

"Ukamwonyesha ukuta."

"Nikamwonyesha nyasi. Si ni wewe kila siku unajisifu kwamba zile nyasi hazifi? Zikaushe, zikate, zilishe ng'ombe, zinarudi tu. Nimekusikia ukiwaambia hata wageni. Nikajua zitarudi."

"Zinarudi mzizi ukibaki!" Nathanaeli akapayuka, na kuku waliokuwa chini ya kibaraza wakatawanyika. "Mmeondoa mzizi! Mmeondoa na udongo wake! Kitarudi nini?"

Hapo Jenifer akaweka kisu chini. Hakuwa mwanamke wa kutishika, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sheria unaijua," Nathanaeli akasema kwa sauti ya chini.

"Naijua. Anayepiga jembe kwenye ukuta, nyumba yake inakatiwa maji mpaka nyasi zifunge tena. Na aliyemwona akanyamaza, vilevile." Akamtazama mumewe usoni. "Haya. Sasa na wewe umeona. Utanyamaza, au utatukatia maji? Utasimama mbele ya watu umtaje mwanao, wiki ileile aliyopata kazi ya kwanza maishani mwake?"

Tusimfanye Nathanaeli malaika: alichukua gunia na panga, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kung'oa vipande vya ukoka pembeni mwa shamba lake. Alishapiga hesabu zake kichwani. Angepanda kimyakimya, afunike tena kwa majani, kesho maji yafunguliwe kama ilivyopangwa, bwawa lipungue, ukuta upumue. Mvua za kwanza zikija taratibu, ukoka ungeshika. Hakuna ambaye angejua. Mtu mwenye hofu ni hodari sana wa kupanga mambo yakapangika.

Akarudi ukutani, akapiga magoti upande wa nje, akaanza kupanda. Shina la kwanza liliingia vizuri, la pili pia. Alipofika katikati, mahali palipochongwa zaidi, kidole chake kiliingia kwenye udongo bila kusukumwa. Udongo ulikuwa na ubaridi. Akaweka kiganja chote, akakiondoa kikiwa kimelowa.

Akayarusha majani ya migomba pembeni. Doa la unyevu lilikuwa na upana wa mkeka. Halikuwa linachuruzika, lilikuwa linatoa jasho tu.

Ndipo akasikia ngurumo. Akainua uso, akaona wingu limesimama nyuma ya kilele cha Shengena, jeusi upande wa chini, na upepo wa baridi ukaanza kushuka kutoka msituni. Siku nyingine yoyote angevua kofia akashukuru Mungu. Mvua ya kule juu ikinyesha, mteremko wote wa mlima unamwagia ndani ya bwawa, na hakuna mfereji wa kufunga wala mlango wa kuzuia. Bwawa lilikuwa limejaa tayari. Ukuta usio na nyasi usingevumilia maji kupita juu yake.

Chini kule mjukuu mdogo wa Dorkas alitoka jikoni amebeba sufuria, akaimwaga, akarudi ndani akiimba. Nathanaeli aliliacha gunia palepale, akapanda juu mbio.

Ndiva ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulipeleka maji kwenye mfereji, ukipita kidogo kidogo. Wa pili, wa tope, ulikuwa chini kabisa pembeni, na ulifunguliwa siku ya msaragambo tu, kijiji kinapokusanyika kusafisha bwawa. Huo ulipitia kwenye mwamba na kutupa maji kwenye bonde la pili, kwenye mawe, ambako hakuna shamba la mtu. Ukifunguliwa huo, ndiva inakauka upesi, na maji yake hayamnufaishi yeyote.

Nathanaeli akachukua baragumu kutoka kwenye kibanda cha mlinzi. Mlango wowote haufunguliwi bila baragumu, na hata akiwa na hofu kiasi kile hakuweza kuvunja hilo. Akapuliza. Sauti ikashuka mabondeni, na watu wakaanza kupanda kwenye vijia huku wakiulizana.

Wa kwanza kufika alikuwa Melkizedeki, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mnene anayepanda mlima kwa hasira kuliko kwa miguu. Nyuma yake walikuja watu wengine, wanaume na wanawake, wengine bado na majembe. Walijipanga juu ya ukuta, maana ndipo mahali pao pa kusimamia siku zote. Nathanaeli alikuwa ameshika mti wa kuzibia mlango wa tope.

"Shikamoo mzee. Nafungua," alisema.

"Marahaba. Unafungua nini?" Melkizedeki akaukamata mti ule kwa mikono miwili. "Umeambukizwa ugonjwa huko Same? Maji ni ya kesho! Na huo ni mlango wa tope!"

"Mvua inakuja kubwa, mzee. Bwawa litafurika."

"Sisi kila Jumapili tunaomba mvua kanisani, halafu mlinzi wetu anaikimbia!" Watu wakacheka. "Ukuta huu umeona mvua kubwa kuliko hiyo. Baba yako alikaa hapahapa kwenye kibanda akivuta tumbaku."

"Wakati ule ulikuwa na nyasi."

Kicheko kikapungua. Melkizedeki akakunja uso. "Na sasa una nini?"

Nathanaeli akawatazama. Aliwajua wote kwa majina, na kwa zamu zao za maji, na kwa mashamba yao. Pembeni, karibu na mgomba, alimwona Jenifer amefika, mkono umeshika mdomo. Macho yake yalikuwa yanamsihi. Nathanaeli alimpenda mwanawe, na saa ile alitamani sana angekuwa amechelewa kurudi kutoka Same kwa siku moja tu.

"Hauna," akasema. "Nusu yake imechongwa. Upande wa nje, mnaweza kuchungulia. Ni nyumba yangu imefanya hivyo."

Watu wakainama kuchungulia. Mnong'ono ukapita kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Mwanamke mmoja akaita jina la Yesu. Melkizedeki alitazama kule chini kwa muda, lakini mti hakuuachia.

"Sawa," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza. "Hilo tutalihukumu. Lakini sikiliza, Nathanaeli. Ni leo tu. Alfajiri tunafungua mfereji, watu wananywesha maharage, mchana bwawa liko tupu. Ukifungua sasa umetuua. Maji haya hatuna mengine. Ngoja mpaka kesho."

Ilikuwa hoja nzuri. Nathanaeli mwenyewe alikuwa ameshajipa hoja hiyohiyo, akiwa amepiga magoti na gunia lake. Akawaona watu wanatikisa vichwa kukubali. Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi, na tone moja zito likamwangukia kwenye mkono.

Akauvuta mti kwa nguvu zake zote. Melkizedeki akateleza, akaketi kwenye tope, na kizibo kikang'oka.

Maji yalinguruma. Yalitoka meupe chini ya mwamba, yakarukia mawe ya bonde la pili, na kila mtu pale alikuwa anayatazama maharage yake yakienda. Hakuna aliyejaribu kurudisha kizibo, maana maji yakishika kasi vile hakuna mkono wa kuyazuia. Kijana mmoja alimshika Nathanaeli shati, akaliachia, hakujua la kumfanya. Wanawake wawili walilia waziwazi. Nathanaeli alisimama tu, mti mkononi, akingoja mvua.

Mvua haikuja.

Wingu lilikaa juu ya Shengena, likanguruma, likajikunja, kisha likateremkia lote upande wa pili, kuelekea kijiji cha Kisiwani. Kwa mbali waliona pazia la mvua likinyesha kwa watu wengine. Huku kwao matone yale machache yalikauka juu ya mawe. Jua likatoka tena, kali, na sakafu ya ndiva ikaanza kuonekana, tope linalong'aa.

Hapo ndipo matusi yalipoanza. Sitayaandika yote, mengine yalitoka kwa wazee wa kanisa. Walimwambia ametajirika na hoteli, sasa anamwaga maji ya maskini. Walimwambia baba yake angemkana. Ukuta ulikuwa umesimama pale, mzima, mbele ya macho ya watu, na hakuna namna ya kuwaonyesha jambo ambalo halikutokea.

"Lete huo mti," Melkizedeki akasema. Suruali yake ilikuwa imejaa tope na uso umemwiva. "Lete. Niwaonyeshe watu ukuta mgumu kama sakafu, kisha nikuvue ulinzi hapahapa."

Akashuka upande wa nje, akikanyaga vile vishina vya ukoka vilivyopandwa. Watu juu ya ukuta wakasogea ukingoni ili waone vizuri. Melkizedeki akafika kwenye doa la unyevu, akainua mti, akauchoma ukutani kwa hasira.

Mti uliingia. Uliingia mpaka mikono yake ikagota kwenye udongo na bega likafuata, kwa sababu alikuwa ameweka uzito wote akitegemea kukutana na kitu kigumu, na hakukutana na kitu. Alibaki hivyo, shavu karibu na ukuta. Kisha tope jembamba likaanza kutoka kandokando ya mti, bila sauti, likamtiririkia kwenye kiatu.

Aliinua uso kuwatazama watu waliojaa juu yake.

"Shukeni," alisema. "Shukeni kwenye ukuta. Polepole. Msiruke, jamani, msiruke."

Wakashuka mmoja mmoja, wakishikana mikono, wanaume wakiwatanguliza wanawake. Walipofika kwenye ardhi ya mlima, hakuna aliyetukana tena. Wote walitazama kule bondeni, kwenye paa la bati la Dorkas na zile nguo za watoto. Kama maji yangekuwa bado ndani, yasingengoja mvua.

Lakini maharage yalikuwa yamekwisha, na sheria ilikuwepo. Melkizedeki alipanda, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaokota baragumu, akampa Nathanaeli.

"Mlinzi ndiye anayetamka," alisema. "Na mlinzi bado ni wewe. Tamka."

Nathanaeli akasimama penye mlango wa tope, kama ilivyo desturi. "Nyumba ya Nathanaeli," akaanza, "imekatiwa maji mpaka..."

"Litaje na jina langu," Jenifer akasema. Alikuwa ametoka kwenye mgomba, amesimama katikati ya watu. "Wewe hukuwepo. Mimi ndiye niliyemwonyesha Anderson. Nilifikiri ni nyasi tu." Akajifuta uso kwa kanga.

"Nyumba ya Nathanaeli na Jenifer," akasema mumewe, "imekatiwa maji mpaka nyasi zifunge ukuta."

Kila mtu alijua maana yake. Mashina ya asili hayana haraka. Yangechukua vuli na masika, na pengine vuli nyingine. Nathanaeli akauliza swali la mwisho ambalo mlinzi lazima aulize, akilitamka haraka ili lipite: "Kuna mwingine aliyeona?"

"Mimi."

Watu wakageuka. Dorkas alikuwa amefika kutoka kwake chini, mjukuu mdogo mgongoni, na pumzi zilikuwa bado hazijamrudia.

"Mama, nyamaza," mtu mmoja akamnong'oneza. "Wewe ndiye uliyekuwa unakufa."

"Mlango wangu unatazama ukuta," Dorkas akasema, hakumsikiliza. "Niliona tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilitoka nikamwambia Anderson, mwanangu, hapo hapaguswi. Akafyeka majani yote ya juu akaniletea mzigo wa ng'ombe, na kesho yake mzigo mwingine. Ng'ombe wangu alikuwa amebaki mbavu, na watoto hawa wanategemea maziwa yake. Nikapokea. Nikanyamaza."

Melkizedeki akayatazama mawe. Jenifer akamshika mumewe mkono, akaubana, na Nathanaeli alielewa anachoombwa. Angeweza kujifanya hakusikia. Hakuna hata mmoja pale ambaye angemlaumu. Alikuwa amemwaga maji ya kijiji kizima ili mwanamke huyu na watoto hawa waione jioni, na sasa wote walimngoja.

Akautoa mkono wake kwenye mkono wa mkewe.

"Na nyumba ya Dorkas," alisema.

"Nimesikia, mlinzi," Dorkas akajibu. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akakaza kanga, na akaanza kushuka kwenda kwake kwa njia ya pembeni, mbali na ukuta.